Baluku Yupi? Mhadhara wa Umma kuhusu Vitambulishi vya Kipekee



Nianze na mzigo uliopotea. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza kutoka dukani Kampala betri ndogo za saa za kompyuta, zile bapa kama shilingi. Kwenye boksi waliandika jina langu, namba ya simu na neno moja: Katwe. Siku tatu zikapita. Ya nne nikapigiwa simu na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mzaha, akaniambia boksi langu liko kwenye karakana yake na mteja mmoja ameshalikalia akidhani ni kigoda. Lilikuwa limefika Katwe kweli, ila Katwe ya Kampala, ya mafundi, ya mchezaji sataranji Phiona Mutesi na filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016. Mimi nilikuwa Katwe ya chumvi, takriban kilomita 400 kutoka hapo, mahali ofisa Mwingereza Lugard alipojenga ngome yake ya Fort George mwaka 1891 ili alishike ziwa la chumvi. Aliyeandika boksi hakukosea herufi hata moja. Kilichoniokoa ni namba ya simu.

Kwa nini niliagiza betri hizo nitaeleza. Kwanza turudi nyumbani kwenye majina, maana Mkonzo, mtu wa kabila letu hapa Kasese, hahitaji profesa wa kumfundisha kwamba jina halitoshi. Simama soko la Bwera uite "Baluku!" uone shingo zitakazogeuka. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Mabinti nao wana mfululizo wao: Masika, Biira, Kabugho, na kuendelea. Vuka mpaka wa Mpondwe uingie Kasindi, upande wa Kongo, Baluku anakuwa Paluku, Bwambale anakuwa Kambale, Kabugho anakuwa Kavugho.

Wageni hudhani tumepungukiwa majina. Ukitazama kwa jicho la mwandishi wa programu utaona tulichonacho ni kihesabio. Jina ni namba ya mfululizo iliyovaa nguo. Ndivyo hifadhidata nyingi zinavyofanya hadi leo: rekodi ya kwanza inapewa 1, inayofuata 2, inayofuata 3. Kazi hiyo inahitaji mtu mmoja anayewajua wote waliotangulia, na nyumbani mtu huyo yupo. Hakuna mama anayemsahau Bwambale akampa Masereka namba yake. Mfumo hauna dosari yoyote mpaka watoto wa nyumba mbili wakutane kwenye foleni moja.

Hilo lilinikuta mwenyewe. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa kwa mkataba wa miezi michache kutengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa kwenye vituo vya muda: kimoja Katwe, kimoja Katunguru, kimoja Hamukungu. Kompyuta tatu, intaneti hakuna. Jioni ya Ijumaa tuliziunganisha kompyuta pale mjini, na kila moja ilikuwa imeanza kuhesabu kutoka 1. Nilikuwa na wagonjwa watatu wenye namba 17. Wawili kati yao walikuwa Baluku.

Ungetegemea nijifunze. Nilijifunza nusu. Nikaamua kompyuta zisihesabu tena, zipige kura: kila mgonjwa apewe namba nasibu, ndefu, isiyohitaji kuuliza kituo kingine. Wazo lilikuwa sahihi, utekelezaji ndio ulioniumbua. Kompyuta haijui kubahatisha. Inachukua namba ya kuanzia, tunayoiita mbegu, inaikoroga kwa kanuni maalumu, na kutoa mlolongo unaofanana na bahati. Mbegu ikiwa ileile, mlolongo ni uleule, kila mara, bila aibu. Mimi mbegu yangu niliichukua kwenye saa ya kompyuta, nikihesabu sekunde.

Sasa betri. Kompyuta mbili kati ya zile tatu zilikuwa za aina moja, na betri za saa zao zilikuwa zimekufa. Zikizimwa jioni, asubuhi zinaamka zikiamini ni tarehe 1 Januari ya mwaka wa kiwandani. Programu yangu ilijiwasha yenyewe. Mwanzoni ziliachana kwa sekunde moja au mbili, na sikuona kitu. Siku moja zikaamka sekunde ileile. Mgonjwa wa kwanza wa Katunguru akapata kitambulishi cha mgonjwa wa kwanza wa Hamukungu, wa pili cha wa pili, wa tatu cha wa tatu, hivyo mpaka jua lilipotua. Mama aliyekuja na malaria akajikuta, kwenye kompyuta ya mjini, na kidonda cha mvuvi. Ndipo nikaagiza betri Kampala.

Nisionekane mjinga peke yangu. Kuanzia mwaka 2006 hadi Mei 2008, mfumo wa Debian, unaoendesha seva nyingi duniani, ulisambaza toleo la OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo za siri, ambamo mtu alikuwa amefuta mistari michache ya kukusanya bahati. Kilichobaki kuwa mbegu kilikuwa takriban namba ya mchakato tu, isiyozidi 32,768. Funguo za siri zilizodhaniwa kuwa hazihesabiki zikawa zinaorodheshwa kama majina ya darasa. Luciano Bello ndiye aliyegundua.

Dawa ya ugonjwa wangu ilikuwa tayari imeandikwa mwaka 2005, katika waraka wa viwango unaoitwa RFC 4122 wa Leach, Mealling na Salz. Mei 2024 ulirithiwa na RFC 9562. Unaeleza kitambulishi cha biti 128 kinachojulikana kwa herufi UUID. Kwenye Python unaandika uuid.uuid4(), kwenye Java UUID.randomUUID(), kwenye PostgreSQL gen_random_uuid(), unapata kitu kama hiki:

3f2b8c1e-9d47-4a60-b5e2-7c01f8d93a6b

Tarakimu 32 za heksadesimali, vistari vinne, jumla herufi 36. Tazama kundi la tatu: linaanza na 4. Hiyo si bahati, ni alama ya toleo, inayosema "nimezaliwa kwa kura". Kundi la nne linaanza na b. Lingeweza kuanza na 8, 9 au a, si vinginevyo. Ukitoa biti hizo sita za alama, zinabaki 122 za bahati tupu, na idadi ya vitambulishi vinavyowezekana inaandikwa kwa tarakimu 37. Bahati yenyewe haitoki kwenye saa. Inatoka kwa mfumo endeshi, unaookoteza vurugu ndogondogo za mashine, kama nyakati za kubonyezwa vitufe na za kufika kwa data, na kuzichanganya mpaka hakuna anayeweza kukisia.

Najua swali la mzee aliyeketi mstari wa mbele: bahati nasibu haiwezi kurudia? Inaweza. Watu 23 chumbani wanatosha kuvusha nusu uwezekano kwamba wawili wamezaliwa tarehe moja, na jambo hilo huwashangaza watu kila ninapolijaribu darasani. Lakini kwa UUID za toleo la 4, ungelazimika kuzalisha bilioni 1 kila sekunde kwa miaka kama 86 ndipo ufikie huo uwezekano wa nusu kwa nusu. Kasese nzima haitafika huko.

Yapo matoleo mengine. La kwanza linaunganisha muda, unaohesabiwa tangu tarehe 15 Oktoba 1582 kalenda ya Gregori ilipoanza, na anwani ya kadi ya mtandao ya mashine; kwa hiyo kitambulishi kinataja lini na wapi kilizaliwa. La saba, jipya, linatanguliza milisekunde tangu mwaka 1970 ili rekodi zijipange kwa muda, na hifadhidata hulipenda.

Mimi kwa wagonjwa wa mpakani napendelea kile kisichosema chochote. Ukisikia Kule umeshajua alikuwa na kaka watatu. Ukiona NIN yetu, namba ya utambulisho wa taifa ya Uganda, herufi 14 zinazotolewa na mamlaka ya usajili, NIRA, mwanzo wake CM au CF umeshakuambia raia huyu ni mwanamume au mwanamke, na tarakimu mbili zinazofuata zimekutajia mwaka wake. Faili la mgonjwa halina haja ya kitambulishi kinachopiga domo.

Ndiyo maana OpenMRS, programu ya rekodi za tiba iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na ambayo UgandaEMR imejengwa juu yake, huipa kila rekodi UUID. Kituo kisicho na mtandao kinaandikisha watu mchana kutwa bila kumwomba mtu ruhusa, na siku ya kuunganisha hakuna namba 17 tatu.

Ila kuna jambo moja ambalo vitabu vya programu hulipitia haraka mno. UUID inahakikisha vitu viwili havina kitambulishi kimoja. Haihakikishi kwamba mtu mmoja hana vitambulishi viwili. Mwanamke aliyeandikwa Kavugho upande wa Kasindi wiki hii, na Kabugho huku Bwera wiki ijayo, atapata UUID mbili safi kabisa, na mashine itaapa kwamba ni watu wawili. Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka huu pamoja na familia moja, kila aliyekuwa na orodha ya watu wa kufuatiliwa alihitaji kujua jambo hilohilo: huyu ni yule au ni mwingine?

Kazi hiyo inafanywa na karani. Nimemwona mmoja, dada mwenye subira, ameweka rekodi mbili kwenye kioo, mgonjwa amekaa mbele yake na karai la chumvi miguuni. Hakuuliza namba. Aliuliza, "Mama, nani anakufuata kwenu? Na anayemfuata huyo?" Mama akahesabu kwa vidole, Mbambu, Ithungu, mpaka kitinda mimba, pamoja na yule aliyefariki. Orodha ikalingana. Karani akabonyeza kuunganisha. Historia yote ikahamia kwenye rekodi moja, na ile ya pili ikawekewa alama ya kubatilishwa. Haikufutwa. UUID yake bado imo humo hadi leo.