MOTOKAA INAPOVUTA UPANDE MMOJA
Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli mbele ya wanachama madereva na utingo, Malindi



Huenda mwashangaa kuona mtu wa reli amesimama kuwaeleza watu wa motokaa kazi yao. Reli haijapata kufika Kilifi wala Malindi, na mimi nikija nyumbani kutoka Mombasa hupanda matatu kama mtu mwingine yeyote. Lakini magurudumu ndiyo kazi yangu, na zaidi ya hayo nilikuwa abiria siku ile mwenzetu alipoingia porini.

Wengi mmesikia habari hiyo kwa vinywa vya watu. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake. Tangu tulipovuka daraja la Kilifi nilimwona ameukaza usukani kuelekea kulia, na barabara imenyooka. Nikamwuliza, "Ndugu, mbona hivyo?" Akanijibu, "Yavuta kushoto, nimemwambia mwenyewe mara tatu." Tulipopita Matsangoni mvua ikashuka, mtu wa baiskeli akatokea mbele, yeye akakanyaga breki, na motokaa ikageuka nje ya barabara. Hakufa mtu, twamshukuru Mungu. Mama mmoja alivunjika mkono. Kesho yake mwenye motokaa alisema ni uzembe wa dereva, na kwamba gharama yote atakatwa yeye katika mshahara.

Halmashauri ya tawi ikanituma nikaitazame motokaa hiyo pamoja na fundi. Tulipovua magurudumu ya mbele tukaona jambo. Upande wa kushoto pedi moja ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma, na upande wa kulia pedi zingali nene. Zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake zilikuwa zimeshikwa na kutu, basi breki ya kushoto ikawa haiachii. (Chombo hicho ndicho jina lake kalipa, na kweli nusura dereva wetu alipe.) Sasa fikirini: pedi haiwezi kulika hivyo kwa siku moja. Ni kazi ya majuma mengi. Chuma chenyewe kilitoa ushahidi.

Ndiyo maana nataka kila mmoja wenu ajue kuutafuta ugonjwa huu kabla haujamfikisha porini.

Kwanza hakikisha kwamba ni motokaa na si barabara. Hapa Kenya twapita kushoto, na barabara imeinuliwa katikati ili maji yateremke, kwa hiyo kila motokaa huelekea kushoto kidogo. Tafuta uwanja mtambarare, uende na urudi juu ya njia ile ile. Ikivuta kushoto ukienda, na kulia ukirudi, ni ardhi imeinama. Ikivuta kushoto kwenda na kurudi, ugonjwa ni wake.

Kisha pima upepo wa tairi zote asubuhi kabla hazijapata moto. Tairi yenye upepo mchache ni nzito kuviringika, nayo huivuta motokaa upande wake. Kama upepo ni sawa, badilisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto na ya kushoto kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, tairi ndiyo mbovu, na hukutumia hata shilingi kuyajua hayo. Tazama pia kama zote mbili ni za kimo kimoja. Sisi wa reli twalijua hili sana: magurudumu mawili ya ekseli moja yakipishana ukubwa, hata kidogo, ekseli hukimbilia upande wa lile dogo, na ukingo wake husuguana na reli mpaka ukawa mwembamba. Behewa halina usukani wa kulificha kosa hilo. Motokaa inao, na mkono wa dereva ndio unaolificha, siku hata siku, mpaka bega linauma.

Tatu ni breki, na hapa sisi wa pwani tuna adui wa kwetu, chumvi ya baharini. Endesha mwendo mrefu bila kukanyaga breki sana, kisha simama usogeze kiganja karibu na kila gurudumu. Usishike, utaungua. Moja likiwa na moto kuliko mwenziwe, breki yake haiachii. Lakini kama motokaa hunyooka njiani na kuvuta wakati wa kukanyaga tu, geuza mawazo: ikivuta kulia, mara nyingi ni breki ya kushoto isiyoshika. Wazee wetu walikuwa na nafasi ya kupima hayo, kwa kuwa kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991 kila gari lilisimama kungoja feri. Siku hizi twapita bila hata kutazama maji.

Baada ya hayo inua gurudumu kwa jeki, uweke na gogo imara chini, ulitikise. Likicheza kulia na kushoto, tazama tairodi. Likicheza juu na chini, ni boljointi au beringi. Mashine ya alaimenti iwe ya mwisho. Wako watu wanaokimbilia huko kwanza, wakalipa, na boljointi imelegea. Hata ikipimwa leo, kesho imekwisha haribika. Na utingo nanyi msipange magunia ya nazi yote upande mmoja mkamlaumu fundi.

Sasa nirudi kwa mwenzetu. Alimwambia mwenye motokaa mara tatu, lakini kwa mdomo, na mwenye motokaa asema hakuambiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa. Haikusema mpaka uandike kitabu, lakini mdomo hauachi alama. Pedi zile mbili tumezifunga katika kitambaa, fundi ametia sahihi, nazo ziko kwa katibu. Shauri litasikizwa mwezi ujao.

Tawi limenunua madaftari madogo. Kila dereva apite mezani achukue lake kabla ya kuondoka, aandike tarehe, upande motokaa inakovuta, na jina la aliyemwarifu. Kipimo cha upepo kipo kimoja tu kwa sasa. Anayekihitaji amwone katibu, na akirudishe siku ile ile.