Mzigo wa Tiba na Thamani ya Mgonjwa



Wapendwa wasikilizaji, katika Injili ya Dominika ya 13 ya Mwaka B, Mtakatifu Marko anatusimulia habari za mwanamke aliyetokwa na damu kwa muda wa miaka 12. Mwinjili haishii kuutaja ugonjwa wake. Anaeleza pia kwamba mama yule alikuwa amehangaika mikononi mwa waganga wengi, amemaliza mali yake yote, na hali yake ilizidi kuwa mbaya. Maneno hayo huwa tunayapita upesi, tukiukimbilia muujiza. Leo tukae nayo kidogo, maana yanatimia katika nyumba nyingi za waamini wetu.

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja mjane, mwanajumuiya mwaminifu, aliyeugua saratani ya mlango wa kizazi. Alikuwa amekwisha kutibiwa kwa mionzi, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi na kuenea hadi mifupani. Daktari aliwaeleza wanawe wazi kwamba dawa za kuingizwa mishipani zingeweza pengine kumwongezea siku, lakini zisingemponya. Wanawe walitaka kuuza shamba ili wampeleke mjini kwa mara nyingine. Yeye alituambia kwa sauti ya chini: "Baba, nimechoka na safari. Naomba nilale kitandani kwangu."

Nasi, tukidhani kwamba tunautetea uhai, tulimhimiza asikate tamaa, tukawaunga mkono vijana wake. Shamba likauzwa. Mama akaenda, akateswa na kichefuchefu na vidonda vya kinywani, na katika juma la tatu akafariki wodini, mbali na wajukuu aliotamani kuwaona. Hatumlaumu daktari, kwa kuwa alisema kweli. Tunajilaumu sisi wenyewe. Tulichanganya mambo mawili yaliyo mbali: kukata tamaa, na kukubali kwamba mwanadamu ni wa kufa.

Ndugu wapendwa, Mama Kanisa hajawahi kutuamuru tushike kila tiba kwa gharama yoyote. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio wa 12, akizungumza na madaktari, alifundisha kwamba mtu anapaswa kutumia njia za kawaida za kuulinda uhai wake, na kwamba halazimiki kujitwika njia zenye mzigo uliopita kiasi. Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2278, inafundisha kwamba ni halali kuacha tiba zenye mzigo mkubwa, zenye hatari, au zisizolingana na matokeo yanayotarajiwa. Na uamuzi huo ni wa mgonjwa mwenyewe akiwa na uwezo. Naye Papa Yohane Paulo wa 2, aliyeandika kwa nguvu dhidi ya kuua wagonjwa, katika siku zake za mwisho mwaka 2005 hakurudishwa tena hospitalini. Alibaki chumbani mwake Vatikani, akafariki tarehe 2 Aprili akizungukwa na watu wake.

Lakini yatupasa tuelewe vema ni kitu gani tunachoweka katika mizani. Hatuyapimi maisha ya mgonjwa, kana kwamba yamepungua thamani kwa sababu hawezi tena kulima wala kusimama. Maisha hayo ni mali ya Mungu hadi pumzi ya mwisho. Tunachopima ni tiba: je, yamsaidia mtu huyu, au yamwongezea mateso tu? Kumdunga mgonjwa dawa ili afe ni dhambi nzito. Kuiacha tiba isiyofaa tena, huku tukimlisha kadiri awezavyo, tukimwosha, tukimtuliza maumivu na kukaa naye, si kuua, ni kumpenda.

Wala asiwepo wa kuyageuza maneno haya kuwa kisingizio. Saratani nyingi zikigunduliwa mapema hupona, na hiyo ya mlango wa kizazi ni mojawapo. Mama mwenye dalili asikae nyumbani akingoja, wala asipoteze miezi kwa wapiga ramli. Tena si kila tiba inayotolewa mwishoni ni bure: mionzi, mara nyingine hata ya siku moja tu, huweza kutuliza maumivu ya mifupa, ijapokuwa haiponyi. Kwa hiyo kabla ya kuuza shamba, tumwulize daktari maswali matatu. Tiba hii inakusudia kuponya, kurefusha siku, au kutuliza? Itamgharimu nini mgonjwa katika mwili wake? Na tusipoitumia, atahudumiwaje? Kisha tumwulize mgonjwa mwenyewe anataka nini, na tumngoje ajibu.

Wengine huiogopa dawa ya mofini, wakidhani ni sumu au ni kumharakisha mtu kaburini. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, ni rehema. Daktari Anne Merriman, aliyeanzisha huduma ya hospisi nchini Uganda mwaka 1993, aliwafikishia wagonjwa maskini mofini ya maji ya kunywa, wakaweza kulala usingizi majumbani mwao. Katekisimu yenyewe, katika namba 2279, yaisifu huduma ya namna hiyo kuwa ni tendo la upendo lisilojitafutia faida.

Nanyi makatekista wapendwa, msingoje mgonjwa apoteze fahamu ndipo mmwite padre. Mpako Mtakatifu ni sakramenti ya wagonjwa. Apewe akiwa bado anaweza kuitikia Amina. Pangeni zamu katika jumuiya, wanawe wapate kupumzika. Mpelekeeni Komunyo Takatifu.

Tumrudie yule mwanamke wa Injili. Yesu alikuwa na haraka, binti Yairo alikuwa mahututi, umati ulimsonga. Hata hivyo alisimama, akataka kujua ni nani aliyemgusa, na mama yule akamweleza ukweli wote. Kabla ya kumpa ruhusa aende kwa amani, Bwana alimsikiliza. Sisi siku ile hatukumsikiliza mama yetu. Tunamwombea kila mwezi wa Novemba, nanyi tunawasihi: mkiwa na mgonjwa nyumbani, simameni kwanza, mkamsikilize.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.