Uzamili wa Huduma kwa Wagonjwa Mahututi: Wanafunzi Waletwe Wilayani
Mada iliyowasilishwa kwa wauguzi na madaktari, Nyundo, Rubavu



Mwaka 2025 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, kwa wagonjwa karibu 20,000. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi. Takriban asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa wamelazwa kwenye wodi za kawaida, na mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Kinachouma zaidi ni kwamba kati ya walioshindwa kupumua, chini ya nusu ndio waliokuwa wamewekewa oksijeni. Tunazungumzia oksijeni tu, wala hatujafika kwenye mashine ya kupumulia.

Kwa kuwa mahututi wengi wako kwenye wodi za kawaida, naona suala la kujadili leo ni mahali tunapowafundishia wataalamu wetu.

Rwanda haijakaa bure. Mafunzo ya uzamili kwa madaktari wa usingizi yalianza mwaka 2006 kwa ushirikiano na wenzetu wa Kanada. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Rwanda kikaanzisha uzamili wa uuguzi, na mojawapo ya fani zake ni huduma ya wagonjwa mahututi na majeruhi.  Lakini muuguzi akifanyia mazoezi yake yote katika hospitali kubwa za Kigali, atarudi Gisenyi, hapa Rubavu, akiwa hodari wa mitambo ambayo huenda asiikute. Baya zaidi, akishaipata shahada hupewa ofisi, na mgonjwa hamwoni tena!

Wapo watakaosema kusomea wilayani kunashusha kiwango cha taaluma. Wakumbuke kilichotokea CHUK, hospitali ya chuo kikuu mjini Kigali. Mapafu yanaposhindwa kazi ghafla, hali ambayo madaktari huiita ARDS, vigezo vya Berlin vya mwaka 2012 vilidai picha ya kifua, kipimo cha gesi za damu na mgonjwa kuwa kwenye mashine. Kwa vigezo hivyo, hospitali isiyo na vifaa ingeonekana haina mgonjwa hata mmoja wa namna hiyo. Watafiti wa Kigali wakatumia ultrasaundi ya mapafu na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, wakaliondoa sharti la mashine, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo yao. Ufafanuzi mpya wa kimataifa uliotangazwa mwaka 2023 umevipokea vipimo hivyo viwili. Uhaba ndio uliowalazimisha kuuliza swali ambalo wenye vifaa hawakuwa na haja nalo.

Mashine nazo zina siku yake. Katika mlipuko wa Marburg wa mwaka 2024, wagonjwa 66 walithibitishwa na 15 wakafariki. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya wenzetu. Wagonjwa wawili waliokuwa wakipumua kwa mashine walitolewa mipira ya kupumulia wakapona, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani liliamini halijawahi kutokea Afrika kwa ugonjwa huo.

Sisi wa Rubavu tuna sababu yetu ya ziada. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo kule Kongo ililipuka, na matetemeko yakatufikia huku na Goma. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika hapa hapa Nyundo, usiku ambao mvua iliua watu zaidi ya 130, hasa katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Usiku kama huo, kumpa mgonjwa rufaa ya Kigali, takriban kilomita 150, ni maneno ya kwenye karatasi. Anayepona ni yule aliyemkuta mtu anayejua kazi papo hapo.

Napendekeza kila mwanafunzi wa fani hii akae muhula mzima katika hospitali ya wilaya, tasnifu yake itokane na wodi za huko, na mkufunzi amfuate, asimsubiri Kigali. Mtihani wa mwisho nao ufanyike usiku, wodini: wagonjwa wawili wanaohema kwa shida, mtungi mmoja wa oksijeni, muuguzi mmoja wa zamu. Mtahiniwa aeleze anaanza na nani, na kwa nini.