Petroli au Umeme: Kuhesabu Gharama ya Mwaka ya Kuendesha Gari



Swali tunaloulizwa mara nyingi siku hizi ni hili: gari la umeme lina nafuu kiasi gani? Jibu hutegemea nyumba yako na safari zako kuliko maneno ya muuzaji.

Tuchukue gari dogo linalokwenda kilomita 12,000 kwa mwaka, yaani kilomita 1,000 kwa mwezi. Likitumia lita moja ya petroli kwa kilomita 12, litahitaji lita 1,000. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, gharama ni shilingi 3,000,000. Kadirio hilo libadilisheni kila mwezi, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza. Na msiamini kilomita zilizoandikwa kwenye tangazo la gari. Jaza tangi, andika kilomita, endesha kama kawaida, kisha jaza tena na ugawanye. Foleni za Dar es Salaam zitakupa jibu tofauti kabisa na barabara ya Dodoma.

Gari la umeme la ukubwa huo hutumia takriban uniti 20 kwa kilomita 100, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa mwaka ni uniti 2,400. Mteja wa TANESCO wa kundi la T1 hutozwa shilingi 292 kwa uniti. Kodi na tozo zikiongezwa hufika takriban shilingi 356. Jumla ni shilingi 854,400. Tofauti inazidi milioni mbili.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Nyumba ya matumizi madogo, kundi la D1, hulipa shilingi 100 tu kwa uniti kabla ya kodi, nayo haipaswi kuzidi uniti 75 kwa mwezi. Mwenye nyumba huzidisha uniti za gari kwa bei hiyo na kufurahi. Lakini gari peke yake linahitaji uniti 200 kwa mwezi! Uniti zinazozidi 75 hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na anayezidi mara kwa mara huhamishiwa T1, ambako hata taa na jokofu lake hulipiwa kwa bei ya juu. Kwa nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60, ongezeko la mwaka linakaribia shilingi milioni moja kwa njia yoyote ile. Bado ni nafuu kuliko petroli, ila si ile nafuu aliyoiwazia.

Jambo jingine husahauliwa: bei ya umeme wa TANESCO ni moja nchi nzima, bali petroli hupanda kadiri inavyosafirishwa mbali na bandari. Mwenye gari wa Kyerwa, mkoani Kagera, huokoa zaidi kwa kila kilomita kuliko wa Kigamboni, mradi achaji nyumbani. Vituo vya kuchajia vya biashara vina bei zao. Ulizeni kabla ya kuchomeka waya.

Sasa bei ya kununulia. Ikiwa gari la umeme limezidi lile la petroli kwa shilingi milioni nane, mwenye kilomita 12,000 atazirudisha kwa karibu miaka minne. Anayetembea kilomita 4,000 tu kwa mwaka atangoja zaidi ya miaka kumi, na betri itakuwa imechoka. Kwa huyo, kukopa ili abadili gari ni hasara, nasi hatuoni sababu ya kumficha.

Kabla ya kulipa, tazameni risiti za luku za miezi mitatu ili mjue mpo kundi gani. Kisha mwiteni fundi umeme mwenye leseni akague waya wa soketi itakayotumika, kwa sababu kilomita 33 za siku zitahitaji takriban saa tatu za kuchaji mfululizo kila usiku kwa soketi ya kawaida, mzigo ambao nyaya za nyumba kuukuu hazikuandaliwa kuubeba.