Ganzi ya Mguu na Upasuaji wa Kiuno

Kupima hisia kabla ya upasuaji wa kiuno huanza na pamba na kijiti chenye ncha. Mgonjwa hufumba macho, mpimaji humgusa mguuni na kumuuliza anasikia nini. Neva ya L5, itokayo sehemu ya chini ya uti wa mgongo, huleta habari za juu ya wayo hadi kidole gumba. S1, jirani yake, huleta za ukingo wa nje na kidole kidogo. Diski ya uti wa mgongo ikibana mojawapo, eneo lake hufa ganzi.

Kipimo hiki cha dakika chache ndicho kinachorukwa kila siku. Mgonjwa huingia na bahasha ya MRI kwapani, picha hutazamwa, viatu havivuliwi. Na picha hudanganya: wengi wasioumwa popote huonekana na diski zilizovimba. Wagonjwa nao wana lao. Kuna wanaofumbua jicho moja kuchungulia, wakajibu "nasikia" kwa sababu wameona. Wengine huukanda kwa maji ya moto mguu usiosikia joto, hadi malengelenge yatokee.

Toleo kamili la kipimo, lililochapishwa na wataalamu wa Ujerumani mwaka 2006, lina vigezo 13, vikiwemo joto, baridi, mtetemo na mgandamizo. Chenye mengi ya kusema ni mdono wa kurudia: ncha hudonoa mara 10 kwa nguvu ileile, mara moja kila sekunde. Kwa mmoja maumivu hupanda kidogo. Kwa mwingine, mdono wa kumi humfanya arudishe mguu. Huyu, hasa akiumia upesi hata mkono usio na tatizo unapobonyezwa, mfumo wake wa neva umeshazoea kukuza maumivu, na diski ikiondolewa huenda yasiishe. Tafiti hazikubaliani kuhusu uzito wa dalili hiyo, hivyo kumnyima mtu upasuaji kwa kipimo hiki peke yake ni kosa. Sigara, sonona na muda mrefu wa kuugua huhesabiwa pia.

Ganzi ya sehemu za siri na makalio, pamoja na mkojo kugoma, haisubiri miadi: hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya upasuaji, maumivu ya mguu mara nyingi hutangulia kuondoka; ganzi huchukua miezi, pengine ikabaki. Ndipo ugomvi wa wodini huzuka: daktari kaharibu neva? Faili lisiloandikwa kidole kipi kilikuwa na ganzi tangu awali halina jibu.