Pikipiki Wakati wa Baridi
(Maneno aliyosema mfanyakazi wa reli katika mkutano wa tawi)

Mimi si fundi wala si mwalimu. Ni mfanyakazi wa reli kama ninyi, na kila siku natoka Limuru kwa pikipiki kwenda kazini Nairobi. Neno langu leo ni baridi.

Limuru mnaijua, tangu Juni mpaka Agosti ukungu hauondoki upesi. Na wenzetu wa Timboroa, ambako stesheni ilijengwa juu kupita futi 9,000 kutoka usawa wa bahari, wao wanaijua baridi kuliko sisi.

Alfajiri moja ya Julai nilikuwa nakwenda zamu, mikono mitupu. Katika mteremko lori likasimama mbele yangu. Nililiona vizuri kabisa. Nikataka kushika breki, lakini vidole vilikuwa kama vijiti. Nikatumbukia mtaroni. Mungu alinisaidia, niliumia bega tu, lakini kwa wiki tatu sikufanya kazi, na watoto walikula kwa deni la dukani.

Sasa tufanye hesabu. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, hupita karibu mita 17 kila sekunde. Vidole vikichelewa sekunde moja tu, umekwisha kupita karibu urefu wa behewa la abiria. Tena, hewa ikiwa digrii 10, upepo wa mwendo huo huufanya mwili uone kama digrii 5. Kumbe tunaijia baridi sisi wenyewe kwa mwendo wetu!

Basi, ndugu, fanyeni hivi. Kwanza, mikono. Vaa glavu nene zisizopitisha upepo, lakini zisikubane, kwa maana damu ikizuiwa vidole hufa ganzi upesi zaidi. Kabla ya kuondoka jaribu kushika breki na klachi ukiwa umezivaa.

Pili, kifua na shingo. Sweta mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito, maana hewa iliyo katikati hutunza joto. Kama huna koti zuri, weka magazeti kifuani chini ya koti, upepo hautapita. Skafu ifunge na ncha zake uziingize ndani, zisije zikanaswa na mnyororo au gurudumu. Fulana ya kung'aa iwe juu ya yote, ili dereva akuone katika ukungu.

Tatu, ukavu. Mtu aliyelowa hupoteza joto upesi sana. Vaa nguo za mvua mapema, usingoje mpaka umelowa. Gambuti pamoja na soksi za sufu zitakufaa.

Nne, macho. Kioo cha helmeti kikipata mvuke, kifungue kidogo. Usiendeshe kwa kubahatisha.

Tano, pombe. Wako wasemao kwamba inapasha mwili joto. Si kweli. Huleta damu karibu na ngozi, ukaona joto kidogo, kumbe joto la ndani linakutoka. Tena hupoteza akili. Kunywa uji au chai moto.

Sita, ukianza kutetemeka, simama. Tembea, piga mikono makwapani. Ukiona kutetemeka hakukomi na ulimi unakuwa mzito, usiendelee na safari. Ingia ndani, uombe msaada. Kuchelewa kazini kuna barua, lakini kaburi halina rufani.

Neno la mwisho, Bwana Mwenyekiti. Wako kati yetu wanaotumwa na kazi yenyewe kwa pikipiki usiku, nao hawajapewa hata kabuti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe nguo za kujikinga mfanyakazi anayekabiliwa na hatari kazini. Naomba tawi hili liandike majina yao, na vitu wanavyokosa, tuvipeleke kwa wakubwa kwa barua ya Chama, wala si kwa manung'uniko ya kantini.

Wazee walisema ajali haina kinga. Sawa, lakini baridi ina kinga. Tuivae sisi wenyewe, na ile tunayostahili kupewa tuidai kwa sauti moja.

Nimekwisha.