Wakili, Hataza na Bei ya Kidonge



Waulize vijana wetu wanaosomea sheria wangependa kuwa mawakili wa nini. Watakutajia kesi za mashamba, za mauaji, za mabenki. Kesi za hataza za madawa hutazisikia. Nami siwalaumu sana, maana jalada la kesi ya namna hiyo ukilifungua utadhani umeokota daftari la mwanafunzi wa kemia.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi, kwa kawaida miaka 20, ili mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Kama kilichovumbuliwa ni jembe la mtindo mpya, wewe utaendelea kulima kwa la zamani. Kikiwa ni dawa ya saratani, je?

Kuna wakili mmoja wa India, Anand Grover. Yeye na wakili Indira Jaising walianzisha shirika la Lawyers Collective mwaka 1981 ili kuwatetea wanyonge. Mwaka 1997 mawakili wa shirika hilo walishinda kesi ya kibarua aliyenyimwa kazi kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Mahakama ya Bombay ilikubali jina lake lifichwe, akaitwa MX tu. Sasa, ukimtetea mgonjwa asifukuzwe kazi, kesho atakuuliza dawa atainunua kwa fedha gani. Hivyo ndivyo kazi ya mawakili hawa ilivyofika kwenye hataza.

Kesi iliyovuma ni ya Novartis, kampuni ya Uswisi. Mwaka 1998 iliomba India hataza ya dawa ya saratani ya damu, Glivec. Kiini cha dawa hiyo, imatinibu, kilikuwa kimekwisha julikana. Kampuni ilichotaka kulinda ni chumvi yake katika umbo fulani la fuwele. Sheria ya India, iliyorekebishwa mwaka 2005, inasema umbo jipya la kitu cha zamani si uvumbuzi mpaka ithibitike kuwa linafanya kazi vizuri zaidi.

Ofisi ya hataza ilikataa mwaka 2006. Kampuni ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, na huko Grover alisimama upande wa chama cha kusaidia wagonjwa wa saratani. Ubishi ukawa juu ya neno moja: vizuri zaidi ni nini? Kukauka vizuri ghalani? Kufyonzwa haraka mwilini? Tarehe 1 Aprili 2013 majaji walisema kwa dawa maana yake ni kuponya, na kwamba hilo halikuthibitishwa. Glivec ilikuwa ikitajwa kugharimu kama dola 2,600 kwa mwezi, na nakala za India chini ya dola 200.

Tuwe waadilifu. Kampuni ilisema utafiti una gharama kubwa, na kwamba wagonjwa wengi wa India ilikuwa ikiwapa dawa bure. Lakini msaada hutolewa kwa hiari ya mtoaji, na siku akichoka huna pa kumshtaki.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, jina la Grover lilikuwa limesikika hapa Nairobi. Sheria yetu ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia iliandikwa kwa upana hata nakala halali ya dawa ingeweza kukamatwa bandarini kana kwamba ni chaki iliyotiwa rangi. Wakenya 3 wanaoishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu. Grover, wakati huo mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki ya afya, aliingia kama rafiki wa mahakama. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo, vikitumiwa dhidi ya nakala za dawa, vinavunja haki ya uhai, utu na afya iliyomo katika Katiba ya 2010, akaitaka serikali ikiangalie upya kifungu kinachoeleza bandia ni nini.

Hukumu hiyo inasomeka kwa lugha nyepesi kuliko ile ya Delhi. Anayesomea sheria na aianze hiyo; fuwele zitamngoja.